ECG ya hospitali, Holter au saa ya mkononi: uchague ipi kupima umeme wa moyo?

Swali linalokuja kliniki kila wiki siku hizi ni hili: ninunue saa inayopima moyo, au nije tu hospitali? Wengi wanaouliza ni watoto wa wagonjwa. Mtoto yuko Muscat au London, mama yuko Tanga analalamika kwamba moyo unamwenda mbio usiku, na mtoto ana pesa mkononi anataka kumtumia kitu cha maana. Mimi huanza kwa kumrudishia swali: moyo unamsumbua mara ngapi? Kila siku, kila wiki, au mara mbili tu tangu Ramadhani iliyopita? Uchaguzi unaanzia hapo, kwa sababu kipimo cha umeme wa moyo huonyesha kile tu ambacho moyo unakifanya wakati kifaa kimegusa mwili. Moyo ukitulia dakika tano kabla ya kupimwa, karatasi itatoka safi na mgonjwa atarudi nyumbani na tatizo lake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. ECG na ECHO ni vipimo viwili tofauti. ECG husoma umeme unaouamrisha moyo udunde. ECHO ni ultrasaundi, huonyesha nyama ya moyo, vali zake na namna damu inavyopita. Wagonjwa wanaoandikiwa vyote viwili mara nyingi hudhani wametozwa mara mbili kwa kitu kimoja. Hawajatozwa mara mbili, na hakuna saa yoyote ya mkononi inayofanya ECHO.

Karatasi ya hospitali

ECG ya kawaida hutumia waya 10. Nne hufungwa mikononi na miguuni, sita hubandikwa kifuani, na kutokana na hizo mashine huchora mistari 12. Ni kama kuizunguka nyumba na kuitazama kutoka pande 12, wakati kifaa cha mkononi kinachungulia kupitia dirisha moja. Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, hivyo kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni sekunde 0.2. Daktari anayeinamia karatasi na kuhesabu visanduku anapima muda: umeme umechukua muda gani kutoka vyumba vya juu hadi vya chini, umesambaa humo kwa muda gani, na vyumba hivyo vimechukua muda gani kujiandaa kwa pigo linalofuata.

Muda huo wa mwisho unawahusu watu wengi kuliko wanavyojua. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu wanaotumia bedaquiline hupimwa ECG mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo inaweza kuurefusha, na ukirefuka kupita kiasi moyo unaweza kuingia kwenye mdundo wa hatari. Kama ni wewe, fuata ratiba ya kliniki yako. Saa isichukue nafasi ya kipimo hicho.

Nguvu kubwa ya mistari 12 iko kwenye mshtuko wa moyo. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, upande ulioathirika hubadilika kwenye mistari inayoutazama upande huo, huku mistari mingine ikiweza kuonekana ya kawaida kabisa. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inataka mtu anayefika hospitali na maumivu ya kifua apimwe ECG na isomwe ndani ya dakika 10. Na hata karatasi ya kwanza ikiwa nzuri, hairuhusu mtu kwenda nyumbani papo hapo: hurudiwa, na damu hupimwa troponini, yaani protini inayovuja kwenye damu nyama ya moyo ikiumia.

Ubora wa karatasi uko mikononi mwa anayepima. Stika ya kwanza ya kifuani hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia mwa mfupa wa katikati ya kifua, na ya pili hukaa mkabala nayo upande wa kushoto. Ukimwona mpimaji anahesabu mbavu zako kwa kidole badala ya kubandika kwa kukisia, uko mikononi mwa anayeijua kazi. Waya za mikono zikibadilishana, mstari wa kwanza huchorwa kichwa chini, na mtu mwenye moyo mzima anaweza kuonekana mgonjwa. Nawe una la kufanya: usijipake mafuta kifuani siku hiyo, stika hazitashika. Vaa nguo ya vipande viwili, blauzi na sketi au shati na suruali, badala ya gauni refu linalolazimu kuvuliwa lote. Kina mama wana haki ya kuomba pazia lifungwe na, akiwepo, wapimwe na mwanamke mwenzao. Omba bila kuona haya, maana anayejibanabana kwa aibu hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huchafua mchoro.

Udhaifu wake ni muda. Mashine huandika sekunde 10, na siku ina sekunde 86,400.

Monita ya wodini

Huyu ni ndugu wa ECG anayekesha. Mgonjwa huwekewa waya tatu au tano, mdundo ukaonekana kwenye skrini mchana na usiku, na kengele ikalia mambo yakiharibika. Thamani yake iko kwa watu waliokaa karibu na skrini hiyo. Moyo ukiingia kwenye mdundo wa kuua, mashine ya kushtua moyo iko hatua chache na yupo muuguzi anayejua kuitumia. Hakuna kifaa cha nyumbani chenye hilo, kwa bei yoyote.

Ndugu wanaokaa na mgonjwa wajue jambo hili kuhusu kengele: nyingi ni za uongo. Tafiti zilizokusanywa Marekani zilitaja kati ya asilimia 72 na 99. Stika imelegea kwa jasho, mgonjwa amejigeuza, amepiga mswaki, kengele inalia. Lakini usiizime wewe. Mtazame mgonjwa kwanza, kisha ita muuguzi. Na kwa kuwa monita hutazama pande chache, mgonjwa aliyeunganishwa nayo akisema kifua kinambana bado anahitaji kupimwa upya kwa mistari 12. Msiseme "si yuko kwenye mashine."

Holter na stika ya siku nyingi

Wazo la kumpima mtu aliye mbali na mashine ni la zamani. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya ECG, alikuwa na mashine ya karibu kilo 270 ambayo haikuwezekana kuipeleka kwa mgonjwa. Mwaka 1905 alitumia waya wa simu kuunganisha hospitali na maabara yake, umbali wa kilomita 1.5, wagonjwa wakiwa wametumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Norman Holter wa Montana, Marekani, alikwenda mbele zaidi miaka ya 1940 kwa kumbebesha mtu kifaa chenyewe mgongoni. Kilikuwa na karibu kilo 38. Kinachoitwa Holter leo kinaning'inia kiunoni au shingoni, na hakizidi simu kwa ukubwa.

Huvaliwa saa 24 au 48, mgonjwa akiendelea na maisha yake: sokoni, kwenye daladala, kitandani. Kwa mtu ambaye moyo humsumbua kila siku au karibu kila siku, ningechagua Holter kabla ya saa yoyote ya bei. Huandika kila pigo, likiwemo lile la saa tisa usiku ambalo mwenyewe halijui. Watu wanaozimia kwa sababu moyo husimama sekunde kadhaa, wengi hawapati nafasi ya kubonyeza kitu chochote. Holter haisubiri kubonyezwa.

Kinachoiharibu ni mambo madogo. Huogi ukiwa nayo, unajipangusa tu. Joto la Dar au Mombasa hulegeza stika, hivyo omba upewe za akiba uondoke nazo. Na daftari la kuandikia dalili. Wagonjwa wengi hulirudisha tupu, na hapo nusu ya faida imepotea. Andika saa na tendo: saa mbili asubuhi, nimepanda ngazi, moyo umeruka; saa saba mchana, nimesujudu na kuinuka, kizunguzungu. Daktari akiona mdundo wa kawaida kabisa kwenye dakika uliyoandika "moyo umeruka", hilo nalo ni jibu, tena jibu jema.

Kama tatizo huja mara moja kwa wiki, siku mbili hazitoshi. Ipo stika isiyo na waya inayobandikwa kifuani hadi siku 14, na ukiipata ni chaguo zuri kuliko Holter kwa mtu wa aina hiyo. Huku kwetu haipatikani kila mahali, kwa hiyo uliza kabla ya kujipa matumaini. Inapokosekana, baadhi ya madaktari hurudia Holter.

Saa na vifaa vya mkononi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saa zina njia mbili za kusoma moyo, na wauzaji huzichanganya. Ya kwanza ni mwanga wa kijani unaomulika ngozi chini ya saa na kuhesabu damu inavyopita. Hiyo inapima mapigo, haipimi umeme. Ya pili ni ECG halisi, inayotaka mwili wako ukamilishe mzunguko kati ya mikono miwili: saa imegusa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kinagusa taji (kitufe cha pembeni) au ukingo wa chuma, nawe unakaa kimya sekunde 30. Jaribio la dukani ni rahisi. Saa ikikuchorea "ECG" nzuri bila mkono wa pili kuigusa, huo si umeme wa moyo wako. Saa za bei ya chini zinazouzwa mitandaoni kwa maneno makubwa nyingi ni za aina hiyo, na naomba sana usimnunulie mgonjwa.

Vifaa halisi vipo na vimepimwa. Kampuni ya AliveCor walipata kibali cha Marekani mwaka 2012 kwa kibao chao kidogo kinachoshikwa kwa vidole na kuonyesha mchoro kwenye simu. Mwaka 2019 wakaleta chenye mistari sita, ambacho hugusishwa pia kwenye goti au kifundo cha mguu wa kushoto. Apple waliweka ECG kwenye saa yao ya Series 4 mwaka 2018, na Samsung wakafuata. Karibu vyote hivi humtolea mgonjwa faili la PDF, na faili hilo linaweza kumfikia daktari kwa WhatsApp kabla mgonjwa hajafika kliniki.

Vifaa hivi vinachokijua vizuri ni tatizo moja linaloitwa AF, pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio. Damu hutuama humo, huganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo mtu hupata kiharusi. AF huongeza hatari hiyo karibu mara tano. Miongozo ya Ulaya inakubali mchoro wa mstari mmoja wa sekunde 30, ukisomwa na daktari, kuwa uthibitisho wa AF. Zingatia hayo maneno "ukisomwa na daktari". Neno linaloandikwa na programu peke yake halitoshi kumwanzishia mtu dawa ya kuzuia damu kuganda.

Sasa visichokijua. Havioni mshtuko wa moyo, na Apple wenyewe wanasema hivyo waziwazi kwenye saa yao. Mtu mwenye kifua kinachobana, jasho la baridi na maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, akijipima akaona "mdundo wa kawaida" na kurudi kulala, amejidanganya kwa jambo litakalomgharimu. Katika hali hiyo usijipime kitu. Tafuta gari.

Yapo pia mambo ya kawaida yanayomfanya mtoto wa Muscat ajute. Saa ya Apple inahitaji iPhone, na mama wa Tanga anatumia Tecno. ECG ya saa ya Samsung inataka simu ya Samsung. Kipengele cha ECG hufunguliwa kwa idhini ya kila nchi, kwa hiyo saa inayofanya kazi London inaweza kufika Tanga ikawa ya kuhesabu hatua tu. Saa inachajiwa karibu kila siku. Maandishi yako kwa Kiingereza. Kwa mzee anayeishi peke yake ningechagua kibao cha kushika kwa vidole, baada ya kuhakikisha kinaelewana na simu iliyopo nyumbani na kwamba yupo mjukuu wa kumsaidia. Kipimo chenyewe kifanywe mikono imelala mezani, vidole vimelowanishwa kidogo vikiwa vikavu, bila kuongea. Mkono unaotetemeka kwa ugonjwa au baridi utatoa mchoro wa takataka. Mwenye betri ya moyo (pacemaker) asinunue bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu programu hizi hazikutengenezwa kusoma mdundo wa betri.

Na kwa kijana mzima anayetaka saa kwa tahadhari tu? Katika utafiti mkubwa wa Apple uliotangazwa mwaka 2019, watu zaidi ya 400,000 walivaa saa na asilimia 0.52 tu ndio waliopata onyo la mdundo usio sawa. Ni wachache mno, na si wote kati yao walikutwa na AF. Simzuii mtu kununua, ila nimeona wenye wasiwasi wakijipima hadi usingizi unakatika, na wasiwasi wenyewe unaupeleka moyo mbio.

Jambo jingine ni la kwetu hasa. AF ya Ulaya ni ugonjwa wa wazee. Kwetu humkuta pia msichana wa miaka 25 ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Katika utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa wa vali wa aina hiyo katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na AF. Msichana huyo anahitaji ECHO na kliniki ya moyo. Akianza na saa, atachelewa.

Kifaa cha chini ya ngozi

Kwa tatizo linalokuja mara mbili kwa mwaka, kama kuzimia kusikoelezeka, kipo kifaa kidogo kuliko kidole kinachoingizwa chini ya ngozi ya kifua kwa ganzi ya kawaida na kukaa takribani miaka mitatu au zaidi. Faida yake huonekana hasa kwa waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo. Utafiti wa CRYSTAL-AF wa mwaka 2014 ulikuta AF kwa asilimia 8.9 ya waliowekewa ndani ya miezi 6, dhidi ya 1.4 kwa waliofuatiliwa kwa njia za kawaida. Kwa asiye na dalili habari ni nyingine: utafiti wa LOOP wa Denmark, 2021, uliwawekea wazee wenye vihatarishi, AF ikagunduliwa mara tatu zaidi, lakini viharusi havikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Ni kifaa cha gharama na cha wataalamu wachache. Kwa Tanzania safari ya matatizo ya umeme wa moyo huishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili. Anza kwa rufaa ili bima isikukatae.

Basi nani achukue nini

Maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa mazoezi, au moyo kwenda mbio pamoja na kukosa pumzi: hospitali sasa hivi, hakuna cha kulinganisha. Dalili za kila siku: ECG moja kisha Holter. Za kila wiki: stika ya siku 14 kama ipo, la sivyo kibao cha mkononi. Zinazokuja mara chache, zikakaa dakika kadhaa na mtu akiwa na fahamu zake: kibao au saa halisi ndiyo mahali pake, kwa sababu anaweza kuidaka dalili ikiwa motomoto. Zinazokuja mara chache na kumwangusha chini: kifaa cha chini ya ngozi, kama daktari atakubali. Aliyepata kiharusi au mwenye vali mbovu asichague peke yake.

Asiye na pesa ya chochote kati ya hivi ana vidole. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima ukiwa umepumzika. Kati ya 60 na 100 ni kawaida kwa mtu mzima. Sikiliza na mpangilio: pigo moja moja la kuruka ni jambo la watu wengi, lakini mapigo yanayokuja bila utaratibu wowote, mengine dhaifu mengine ya nguvu, ni sababu ya kwenda hospitali ya wilaya na kuomba ECG siku hiyohiyo, wakati bado yanaendelea.